Sauti Iliyochelewa

Mume wa Tabu alipokufa, majirani wa Temeke walikingoja kilio chake, na kilio hakikuja. Walimkalia huku na huku, wakamshika mabega asije akajitupa chini, na mmoja akaweka kopo la maji karibu la kumwagia usoni akizimia. Tabu hakujitupa wala hakuzimia. Aliitikia pole za watu kwa sauti ya kawaida, akauliza kama wageni wamekula, na jeneza lilipotoka akalisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Wanawake wakatazamana. Msibani wapo wanaokwenda kuzika, na wapo wanaokwenda kupima machozi ya mfiwa, na hawa wa pili siku hiyo walirudi kwao mikono mitupu.

Hawakujua alilokuwa nalo moyoni. Tabu aliamini kwamba mumewe, Mwinshehe, hakuzikwa wote. Mwili ulikwenda, sawa, mwili ni wa Mungu. Lakini sauti yake ilikuwa imebaki ndani ya nyumba, chumba cha mbele, kwenye santuri moja nyeusi iliyolala ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki. Alichotakiwa kufanya ni kusubiri tu. Mtu anayejua kuwa mumewe yuko chumba cha pili atalilia nini?

Habari ya santuri hiyo ilianza zamani, Tabu akiwa mwari aliyeposwa mtaa wa Gerezani na Mwinshehe akiwa kijana wa bandarini mwenye kanzu moja ya kwendea kwenye taarabu. Chama chao kilikuwa na watu wanane wa kuitikia, na Mwinshehe alikuwa mmoja wao. Mwaka huo wakaja watu wa santuri kutoka nje, wakapanga chumba ghorofani mjini, wakakitundika mablanketi kuta nzima, wakaviita vyama kimoja kimoja kuimba mbele ya mashine. Mwinshehe akamtumia mchumba wake salamu kupitia kwa shangazi: "Mwambie Tabu hata nikifa atanisikia." Shangazi akasema huyu kijana ana maneno. Miezi ikapita, santuri zikaja kwa meli, chache, zikaisha mjini kabla watu hawajajua kuwa zimefika. Mwinshehe aliwahi moja. Wiki ya harusi akanunua na gramafoni, iliyokwishatumika, kwenye duka la Husseinali aliyekuwa akiuza na kutengeneza vitu hivyo. Ilikuwa ile ya sanduku la kubebeka, ngozi imebambuka pembeni, bawaba moja imefungwa kwa waya. Haikuwa na ule mdomo mkubwa wa shaba waliokuwa nao matajiri. Sauti yake ilitokea tumboni mwa sanduku, ndogo, yenye vumbi kidogo, na Tabu hakuwahi kutamani nyingine.

Siku za kawaida gramafoni ilikuwa ya mtaa mzima. Mwinshehe akirudi kazini huitoa barazani, watu wakakaa, akapiga za Unguja, za Misri, za Bara Hindi, yeyote aliyetaka akasema anataka ipi. Ile santuri ya chama chake haikutoka barazani hata siku moja. Ilikuwa ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini na kula, saa ambayo Temeke yote imelala na hata kuku wamejibanza kivulini. Hapo Mwinshehe hufunga mlango wa mbele, akateremsha pazia la chumba cha ndani, na kumwambia mkewe neno lile lile la kila Ijumaa: "Lala hapo hapo mkekani. Santuri ya mtu wako haisikilizwi kwa karibu, utasikia chuma tu. Isikilize kwa mbali, umwone mtu."

Naye Tabu alimwona. Hulaza kichwa, hufumba macho, na kwanza husikia mkwaruzo, mchele ukipetwa kwenye ungo nyumba ya tatu. Halafu udi. Halafu fidla ikaja kwa kujivuta, na yule mwimbaji wa mbele akaanza hadithi yake ya watu waliosafiri sana na sasa wako nje ya nyumba yao usiku. Chumba kikawa kinaondoka. Ukuta wa udongo ukawa si ukuta, boriti za dari zikasogea mbali, mwanga uliopenya tunduni ukasimama juu ya mkeka, nao mkeka Tabu hakujua tena kama uko chini au unaelea. Ndipo wakaitikia wale wa nyuma: *Tumerudi, tufungulie.* Wote walifunga neno pamoja, vizuri, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alichelewa. Wenzake wakishanyamaza yeye bado yumo ndani ya neno, anatoka polepole, anaburura *-lieee* yake hatua mbili tatu kwenye ule ukimya kabla fidla haijamkuta. Huyo ndiye Mwinshehe. Tabu hakuhitaji kuambiwa. Mumewe hata kwenye chakula alikuwa wa mwisho kunawa.

Miaka ishirini na moja ya Ijumaa. Walihama Gerezani wakaja Temeke, vita vikaja vikaenda, mimba mbili zikaharibika na ya tatu haikuja. Ijumaa ilibaki pale pale. Yapo mambo ambayo watu wawili wasio na mtoto hulea badala ya mtoto, na hakuna haja ya kuyacheka.

Sasa Tabu alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya nyumba, bila wanja, bila udi wala marashi, na bila muziki, hilo halikuhitaji hata kusemwa. Wifi yake Zuena, dada mkubwa wa Mwinshehe, alifunga virago vyake Mbagala akaja kukaa naye eda nzima. Zuena alikuwa mwanamke wa haki, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Siku ya kwanza tu aliifunika gramafoni kwa kanga, akaikunja kanga chini ya miguu ya meza na kusema, "Hii nayo ina eda yake."

Tabu akavumilia mwezi wa kwanza. Akavumilia wa pili. Mchana alishona vitambaa, jioni alisikiliza majirani wakipita. Lakini kila Ijumaa baada ya chakula mwili wake ulijipeleka wenyewe mkekani, macho yakajifumba, masikio yakangoja mkwaruzo, na mkwaruzo haukuja. Alisikia nzi. Akaanza kuogopa kitu asichokuwa akikiogopa: kwamba ataisahau ile sauti kabla eda haijaisha. Alijaribu kuikumbuka, ikamponyoka. Alikumbuka neno, alikumbuka kuchelewa kwake, lakini sauti yenyewe, ule ukungu uliokuwa ndani yake, haukumjia.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu Zuena alikwenda kumwangalia mgonjwa nyumba ya nne. Tabu hakufikiri. Angefikiri, asingefanya. Aliifunua gramafoni, akaibeba mpaka chumba cha ndani, akaizungushia blanketi ili sauti isitoke nje, akajaza springi kwa kuzungusha ule mkono wa sanduku mpaka ikakataa. Hakuwahi kuigusa kazi hiyo maisha yake yote, Mwinshehe alisema springi ina kichaa. Haikuwa na kichaa chochote. Sindano ilikuwa ile ile aliyoiacha marehemu. Akaishusha juu ya santuri, akalala ubavu, sikio karibu na blanketi.

Mkwaruzo. Udi. Fidla ikajivuta, na moyo wa Tabu ukajivuta nayo. Chumba kikaanza kuondoka vile vile, boriti zikasogea, mkeka ukapoteza uzito wake, na akajiona yuko nje ya nyumba na wale wasafiri, anangoja. *Tumerudi, tufungulie.* Wakafunga neno. Kisha kimya, halafu fidla.

Hakuna aliyechelewa.

Tabu akaketi. Akasema labda ni beti ya kwanza. Akangoja ya pili, na ya tatu. Waliitikia pamoja, wakanyamaza pamoja, kikosi cha askari. Akarudisha sindano mwanzo. Akaipiga mara tatu, blanketi ameliondoa, hajali tena nani anasikia, na pale mahali pa Mwinshehe, kati ya neno na fidla, palikuwa peupe kabisa.

Zuena alimkuta amekaa kitako mbele ya sanduku, mikono imekufa mapajani.

"We Tabu! Una wazimu? Mdogo wangu hajamaliza hata siku mia kaburini, unampigia ngoma?"

"Ametoka, wifi."

"Nani ametoka?"

"Mwinshehe. Alikuwamo humu. Nimevunja eda, Mungu amemtoa."

Zuena alifungua mdomo ili aendelee na ukali wake, akamtazama vizuri mke wa mdogo wake, akaufunga. Alikaa chini. Akataka aambiwe tangu mwanzo, na Tabu akamwambia yote, pazia, mkeka, sauti inayochelewa. Zuena alikuwa akisikia tu watu wakisema mdogo wake yumo kwenye santuri, hakuwahi kuisikiliza. Kwake zote zilikuwa makelele. Alikuna kichwa, akauliza kitu cha maana, maana watu wakali mara nyingi ndio wenye akili ya kazi:

"Hiyo sindano uliibadili?"

Tabu hakuwa amebadili. Hakujua kama hubadilishwa. Na hapo hofu ya pili ikaikalia ya kwanza: si Mungu, ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sindano butu, ameikwangua sauti ya mumewe akaimaliza. Usiku huo hakula. Kesho yake asubuhi Zuena alijitanda, akaifunga santuri ndani ya kanga mbili, akaipeleka mjini kwa Husseinali.

Husseinali alikuwa mzee wa Kibohora mwenye ndevu nyeupe na kofia yenye ukingo wa dhahabu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi daima kwa grisi. Aliipokea santuri kwa viganja vyote viwili. Akaiinamisha kwenye mwanga, akaitazama mistari yake muda mrefu, akaipiga kwenye mashine yake nzuri, kichwa ameinamisha. Zuena alisimama ameshikilia kaunta.

"Imechoka kidogo, lakini nzima," alisema. "Nani amesema imeharibika?"

Zuena akamweleza. Mzee akatikisa kichwa pole pole.

"Dada yangu, sindano haimjui mtu. Ikila, inakula wote, mwimbaji, fidla, wote. Haiwezi kuchagua mmoja wa nyuma ikamla peke yake, ikaacha wenzake." Akaipiga tena pale kwenye kiitikio, akanyoosha kidole kimoja kimoja kadiri alivyosikia. "Unasema walikuwa wanane? Mie nasikia saba. Na siyo leo tu, santuri hii imezaliwa na saba."

Zuena hakurudi Temeke moja kwa moja. Alipitia Keko, kwenye karakana ya Shomari.

Katika wale wanane, aliyebaki hai ni Shomari, seremala, rafiki wa marehemu tangu utoto. Alikuja alasiri hiyo hiyo, maranda bado yako kwenye nywele zake. Alipiga hodi, akakaribishwa na Zuena, akakaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, na Tabu akabaki ndani nyuma ya pazia, kama inavyompasa mwenye eda akijiwa na mwanamume. Wakasalimiana hivyo, hawaonani. Zuena akakaa katikati, kwenye kizingiti, anawaona wote wawili.

"Shemeji," alisema Shomari, "wifi yako ameniambia kisa chote. Anasema unajiona umemfuta."

"Nimemfuta."

"Hujamfuta." Kiti kililia chini yake. "Niliapa nisiseme. Lakini aliyeniapisha amekwenda, na mie siwezi kukuacha ukabeba dhambi ambayo haipo. Mwinshehe hayumo mle. Hakuwamo tangu mwanzo."

Pazia halikutikisika.

"Siku ile alikuwa na kifua. Kilimshika tangu usiku. Tulipopanda ghorofani, yule bwana wa mashine akatupanga, na Mwinshehe akakohoa. Akakohoa tena. Ile mashine ilikuwa inachora kwenye nta, ukikohoa umechora kikohozi. Bwana akasema kwa mkalimani, huyu atoke. Tukamwomba. Akasema atoke, nta ni ghali. Akatoka. Tuliimba saba, shemeji, na yeye nje ameuegemea mlango kwa mgongo, anawazuia watu wasipande ngazi wakatuharibia. Tulipofungua nusura aanguke ndani. Nikamwona macho yake. Akaniambia, 'Shomari, nimeshamwambia Tabu.' Neno hilo tu. Nimeshamwambia Tabu."

"Lakini nilimsikia," alisema Tabu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayebishana na daktari. "Kila Ijumaa. Miaka yote. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ulimsikia, ndiyo. Alikuwa pale kwenye kiti, anaitikia."

Zuena akashika mdomo.

"Harusi ilikuwa imekaribia," Shomari akaendelea, "akasema ataitikia mara moja tu, usimwone mwongo mbele ya shangazi zako, kisha atakueleza. Mara moja ikawa mbili. Ndiyo maana ya pazia. Mie nilimwambia, miaka kumi iliyopita nilimwambia, mweleze mkeo, mtacheka, yataisha. Akasema, 'Shomari, akijua hatalala tena mkekani kunisikiliza. Atakaa hapa ananitazama.' Sikumwelewa. Mie seremala, mambo hayo siyajui."

"Na kuchelewa?" aliuliza Tabu. "Kwa nini alikuwa anachelewa?"

"Lazima achelewe, shemeji. Alikuwa anawafuata. Alikuwa anangoja kwanza awasikie."

Shomari aliaga. Zuena akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akasimama katikati ya chumba. Nyuma ya pazia Tabu alianza kugomba.

"Mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa we! Miaka ishirini na moja! Ati lala mbali, ati utasikia chuma. Springi ina kichaa! Kichaa unacho mwenyewe, Mwinshehe. Mie nimelala pale mjinga, nimefumba macho, na wewe hatua tatu kutoka miguuni pangu umetoa koo lako…" Akacheka. Zuena alikisikia kicheko hicho, akaogopa, akalisogeza pazia.

Tabu alikuwa amekaa katikati ya mkeka. Alikuwa akizipitia Ijumaa moja moja, tangu mwanzo, na kila aliyoishika ilikuwa imebadilika mkononi mwake. Zile alizokuwa na homa. Ile baada ya mimba ya pili, alipogeuza uso ukutani, na sauti ikaburura *-lieee* ndefu kuliko siku zote, akadhani ni masikio yake. Zile za mwaka huu, kifua cha Mwinshehe kilipoanza kumbana hata akipanda ngazi mbili za baraza. Kisha akaifikia ya mwisho, siku tisa kabla ya mauti, akasimama hapo.

Siku hiyo sauti haikufika mwisho wa neno. Ilianza, ikakwaruza, ikakatika. Beti iliyofuata ilichelewa sana, fidla ikaikuta njiani. Na yeye Tabu, amelala raha mustarehe, alimpigia kelele mumewe kupitia pazia: "Santuri yako imechakaa, bwana! Haifai tena." Kule mbele kulikuwa kimya kidogo, kimya cha mtu anayetafuta pumzi, ingawa siku hiyo alidhani anafunga sanduku tu.

"Imechakaa, mke wangu," Mwinshehe alimjibu. "Lakini Ijumaa ijayo itajitahidi."

Tabu akamtazama wifi yake. "Nilimwambia haifai," alisema. "Wifi, nilimwambia haifai tena."

Na hapo, siku ya sitini na tatu ya eda yake, wanawake wa Temeke walikisikia kilio walichokuwa wakikingoja. Kilitoka kikapita dirishani, kikapita barazani, kikawakuta visimani na jikoni, wakaacha walichoshika wakaanza kuja mmoja mmoja, kanga mabegani, wakidhani kumetokea msiba mwingine. Zuena alisimama mlangoni akawapokea.

"Ingieni," aliwaambia. "Amefiwa."